Kufunika, Kuzima Jicho Moja au Kuteka Umakini: Njia Ipi ya Kuchunguza Vichocheo Visivyotambuliwa?

Mwanafunzi wa uzamili anapoleta pendekezo la utafiti kuhusu namna neno au picha isiyotambuliwa inavyoathiri uamuzi wa mtu aliye macho kabisa, swali la kwanza analoulizwa huwa karibu lile lile kila mara: umejuaje kwamba haikuonekana? Wengi hujibu kwa kutaja muda. "Nitaionyesha kwa milisekunde 30," husema, wakidhani wamemaliza. Muda peke yake hautoshi, kwa maana neno linaloonyeshwa kwa milisekunde 30 kwenye skrini tupu, bila kitu chochote kulifuata, husomeka bila taabu. Kinachoficha kichocheo, yaani neno au picha inayoonyeshwa, ni mpangilio mzima unaokizunguka, na mipangilio hiyo haifanani.

Makala haya yanalinganisha njia tatu zinazotumika sana maabara: kufunika kichocheo kwa alama zinazokifuata, kukizima kwa kulionyesha jicho la pili miweko mfululizo, na kukipitisha wakati umakini wa mshiriki umetekwa na kazi nyingine. Ya kwanza humnyima mshiriki muda, ya pili humnyima jicho, ya tatu humnyima umakini. Kwa kuwa kila moja hukata safari ya kichocheo mahali pake, mabaki yanayofika kwenye mawazo ya fahamu nayo hutofautiana. Anayechagua njia kwa sababu tu ndiyo iliyotumika katika makala aliyoisoma mwisho anaweza kujikuta ameuliza swali moja na kupata jibu la swali jingine.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia itapimwa kwa mambo matano: jinsi inavyoficha kichocheo na kwa muda gani, aina ya athari inayoweza kuonekana katika utendaji wa fahamu, ushahidi kwamba kichocheo hakikutambuliwa, vifaa na kazi inayohitajika, na mtafiti inayemfaa.

Jambo la tatu linahitaji maelezo kabla hatujaendelea, kwa kuwa ndipo tafiti nyingi huanguka. Mwaka 1884 Charles Sanders Peirce na Joseph Jastrow, wakijipima wao wenyewe kule Marekani, walilinganisha mikandamizo miwili inayokaribiana mno na kila mara wakaandika pia kiasi cha uhakika wao. Hata pale walipoandika kwamba hawana uhakika wowote, majibu yao yalikuwa sahihi mara nyingi kuliko bahati nasibu. Basi, waliihisi tofauti ile au hawakuihisi? Anayeamini kauli ya mshiriki atasema hawakuihisi. Anayeamini utendaji wake atasema waliihisi, ila kidogo. Karne moja baadaye, mwaka 1984, Cheesman na Merikle walitenganisha vizingiti viwili: kile cha kauli, ambapo mshiriki hudai kwamba haoni, na kile cha utendaji, ambapo hata akilazimishwa kuchagua hawezi kuzidi bahati nasibu. Kizingiti cha pili ni kikali zaidi, na athari nyingi zinazong'aa chini ya kile cha kwanza hunyauka zikifikishwa kwenye cha pili. Mwaka 1986 Daniel Holender alichapisha uhakiki mrefu uliodai kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wa maana kupita bila fahamu ulitokana na vipimo dhaifu vya utambuzi. Tangu hapo hakuna mtafiti makini anayeruhusiwa kulipita swali hilo kimya.

Kwa hiyo, uchague njia yoyote, amua mapema ni kizingiti kipi unachosimamia, na ukiandike katika pendekezo.

Njia ya kwanza: kufunika

*Inavyoficha.* Chukua jaribio moja tulitazame kwa karibu. Mshiriki anakodolea macho msalaba mdogo katikati ya skrini. Inatokea safu ya alama za reli, #######, kwa nusu sekunde. Kisha neno "daktari" kwa herufi ndogo, kwa milisekunde 50 hivi. Papo hapo, mahali pale pale, linatokea neno "MGONJWA" kwa herufi kubwa, na mshiriki anatakiwa abonyeze kitufe kueleza kama hilo ni neno halisi la Kiswahili. Anachokiona yeye ni alama zilizocheza kidogo na neno moja tu. Neno la kwanza, ambalo hapa nitaliita kitangulizi, limebanwa katikati ya vitu viwili na halikupata nafasi ya kukaa akilini. Mpangilio huu ulienezwa na Forster na Davis mwaka 1984, nao umebaki kuwa mkate wa kila siku wa wanaisimu wa saikolojia.

*Athari inayoonekana.* Hapa ndipo njia hii ina utajiri wake, na mitego yake pia. Mwaka 1998 Stanislas Dehaene na wenzake walionyesha namba zilizofunikwa kwa milisekunde 43, kisha wakawauliza washiriki kama namba inayoonekana inazidi 5 au haifiki 5, kila jibu na mkono wake. Kitangulizi kilipokuwa upande mmoja na namba inayoonekana, jibu lilikuja haraka zaidi. Kilipopingana nayo, lilichelewa, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba mkono uliopendekezwa na namba isiyoonekana ulikuwa umeanza kuandaliwa. Athari hizo lakini ni za muda mfupi mno. Greenwald, Draine na Abrams walionyesha mwaka 1996 kwamba pengo kati ya kitangulizi na neno linaloonekana likizidi takriban milisekunde 100, athari hupotea. Anayetarajia kwamba neno lililofunikwa asubuhi litabadilisha tabia ya mtu jioni hatapata msaada hapa.

Mtego mkubwa ulifichuliwa na Abrams na Greenwald mwaka 2000. Washiriki waliokwisha kuyapanga mara nyingi maneno ya Kiingereza "smut" na "bile" katika kundi la mabaya walipoonyeshwa kwa siri neno "smile", yaani tabasamu, walitenda kana kwamba wameonyeshwa neno baya. Ubongo haukuwa umesoma neno zima. Ulikuwa umeokota vipande vya herufi vilivyokwisha kufungamanishwa na kitufe fulani. Kwetu sisi tunaoandika Kiswahili onyo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu maneno yetu hushirikiana viambishi kwa wingi. Ukitumia "mwalimu" kutangulia "mwanafunzi" na jibu likaharakishwa, hujui kama ni maana ya shule iliyovuka au ni ile "mwa" ya mwanzo. Jozi kama "daktari" na "mgonjwa" ni salama zaidi kuliko "kitabu" na "kitanda", na orodha ya maneno ipangwe hivyo kabla ya kompyuta kuwashwa. Kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa kunapunguza mfanano wa sura, ila hakuuondoi mfanano wa sauti wala wa ngeli.

*Ushahidi wa kutoonekana.* Desturi ni kumwambia mshiriki mwishoni kwamba kulikuwa na neno lililofichwa, kisha kumrudishia majaribio yale yale na kumtaka alibahatishe. Alama zake zikisimama karibu na 50 kwa 100 pale penye chaguo mbili, na majaribio yakiwa mengi ya kutosha, hoja ina miguu. Majaribio 20 hayatoshi: kushindwa kuona tofauti katika data kidogo si ushahidi kwamba tofauti haipo. Uliza pia maswali ya wazi. Katika majaribio ya awali niliyoyasimamia, mshiriki mmoja alikana kabisa kuona neno lolote, kisha akaongeza kwa upole, "ila ile ya kuanza na k huwa naiona." Hiyo "ila" ilituagiza turudi mezani.

*Vifaa na kazi.* Kompyuta moja ya kawaida na programu ya bure kama PsychoPy zinatosha, mradi uielewe skrini yako. Skrini ya hezi 60 huchora picha kila baada ya milisekunde 16.7, hivyo ukiomba milisekunde 40 hutazipata: utapata 33 au 50. Hesabu kwa fremu, yaani kwa idadi ya picha zinazochorwa, si kwa milisekunde. Baadhi ya skrini bapa za bei nafuu huchelewa kufuta picha, na kitangulizi huacha kivuli ambacho hakikuandikwa popote katika programu yako.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi mwenye miezi michache, maslahi katika lugha au namba, na washiriki wanaopatikana kwa makundi.

Njia ya pili: kuzima jicho moja kwa miweko mfululizo

*Inavyoficha.* Kila jicho hupelekewa picha yake. Jicho moja, kwa kawaida lile lenye nguvu, huonyeshwa vipande vya rangi kali vilivyopangwa ovyo na kubadilishwa mara kumi hivi kwa sekunde. Jicho la pili huonyeshwa uso au neno lililotulia. Kelele ya rangi hushinda, na picha iliyotulia hupotea katika fahamu kwa sekunde nyingi mfululizo. Tsuchiya na Koch waliitangaza njia hii mwaka 2005, na iliwavutia wengi kwa sababu ilitoa kitu ambacho kufunika hakuwezi kutoa: muda. Mshiriki ameukodolea macho uso wa mtu, mwanga wake unafika kwenye jicho, na bado anaapa kwamba haoni ila rangi zinazorukaruka.

*Athari inayoonekana.* Muda mrefu ulileta matumaini makubwa, na matumaini yakazaa madai makubwa. Mwaka 2007 Jiang, Costello na He waliripoti kwamba uso uliosimama wima hupenya kwenye fahamu mapema kuliko uso uliopinduliwa, na kwamba maandishi mtu anayoyajua hupenya mapema kuliko asiyoyajua. Mwaka 2012 Sklar na wenzake walidai kwamba watu wanaweza hata kutoa namba, kama 9−3−4, bila kuiona hesabu yenyewe. Waliofuata wakawa wagumu zaidi. Mwaka 2018 Moors na Hesselmann walizichambua upya data za hesabu na kuona kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu kuliko ulivyotangazwa, na mwaka huo huo Rabagliati, Robertson na Carmel walishindwa kuzipata athari za sentensi nzima zilizodaiwa pia na Sklar na wenzake. Maoni yangu ni kwamba njia hii ni tajiri kwa mambo ya sura, mahali, hisia na mvuto wa macho, na ni maskini kwa maana ya maneno. Miweko inaelekea kukata taarifa mapema katika njia ya kuona, kabla neno halijawa neno.

*Ushahidi wa kutoonekana.* Kuna matumizi mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Katika la kwanza unakizima kichocheo, unapima athari yake kwa kitu kingine, kisha unapima utambuzi kama tulivyoeleza. Katika la pili unangoja picha ipenye na unapima sekunde ilizotumia. Hili la pili ni rahisi kuliendesha na linavutia kwa chati zake, lakini Stein, Hebart na Sterzer walitahadharisha mwaka 2011 kwamba uso uliopenya mapema huenda ulikuwa tu rahisi kugunduliwa mara ulipoanza kuchomoza, bila kazi yoyote ya pekee kufanyika wakati umefichwa. Zaidi ya hayo, washiriki hutofautiana sana: mmoja atakaa dakika nzima bila kuona kitu, jirani yake ataona kila kitu katika sekunde ya pili. Kishawishi huwa ni kuwaondoa "walioona" na kubaki na "wasioona". David Shanks alieleza mwaka 2017 kwa nini huo ni mtego wa kitakwimu: kipimo kimoja chenye makosa kikitumika kuchuja watu, baadhi ya waliobaki waliangukia chini kwa bahati tu, na wakipimwa tena wangeonekana wanaona.

*Vifaa na kazi.* Maabara zenye uwezo hutumia stirioskopu ya vioo, kifaa kinachopeleka kila jicho picha yake, na kitegemeo cha kidevu. Vioo vinne na ubao wa fundi seremala vinaweza kufanya kazi hiyo, nimeviona vikiifanya, ingawa kusawazisha picha mbili kwa kila mshiriki hula nusu saa. Miwani ya karatasi yenye rangi nyekundu na samawati ni nafuu, lakini rangi ya jicho moja huvuja kidogo kwenye jicho la pili, na kinachovuja ndicho hasa ulichotaka kukificha. Wenye makengeza, na wengine ambao macho yao hayaunganishi picha, hawawezi kushiriki. Uliza mapema na kwa heshima.

*Inamfaa nani.* Mtafiti wa hisia, nyuso, uoni au ubongo, mwenye chumba chenye giza la kutosha, subira, na msimamizi anayejua takwimu.

Njia ya tatu: kuteka umakini

*Inavyoficha.* Hapa kichocheo kiko wazi, chenye mwanga na muda wa kutosha, ila mwenye macho hayupo mlangoni. Namna inayodhibitika zaidi ni kupepesa kwa umakini, iliyoelezwa na Raymond, Shapiro na Arnell mwaka 1992: herufi au maneno hupita mahali pamoja, takriban kumi kwa sekunde, na mshiriki anayetafuta malengo mawili hulikosa la pili likija kati ya milisekunde 200 na 500 baada ya la kwanza. Likifuata la kwanza moja kwa moja mara nyingi huokoka, jambo linaloonyesha kwamba tatizo si mwendo kasi peke yake. Namna nyingine ni kumpa mtu kazi nzito na kupitisha kitu asichokitarajia, kama katika jaribio la Simons na Chabris la mwaka 1999, ambapo karibu nusu ya watazamaji waliokuwa wakihesabu pasi za mpira hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akikatiza kati ya wachezaji.

*Athari inayoonekana.* Maana hufika mbali zaidi kuliko katika njia mbili zilizotangulia. Luck, Vogel na Shapiro walipima mawimbi ya ubongo mwaka 1996 na kukuta kwamba neno lililokoswa na mshiriki bado liliamsha ile ishara inayotokea neno lisipoafikiana na muktadha, kana kwamba lilikuwa limesomwa. Mwaka uliofuata Shapiro na wenzake walionyesha kwamba neno lililokoswa linaweza kurahisisha kutambuliwa kwa neno linalohusiana nalo kimaana. Jina la mtu mwenyewe huelekea kuuvuka mtego huu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kugeuka ghafla katikati ya zogo la soko kwa sababu ameitwa hahitaji maabara kuliamini.

*Ushahidi wa kutoonekana.* Ni rahisi kuupata na ni mgumu kuutetea. Mshiriki hueleza papo hapo, jaribio kwa jaribio, kama ameliona neno la pili, na unaweza kumpa mizani ya ngazi nne waliyoipendekeza Ramsøy na Overgaard mwaka 2004, kuanzia "sikuona chochote" hadi "niliona wazi". Lakini mkosoaji atauliza: hakuona, au aliona akasahau? Dehaene na wenzake walitoa mwaka 2006 mgawanyo unaosaidia, kati ya kichocheo ambacho ni dhaifu mno kuingia katika fahamu hata kikizingatiwa, na kile chenye nguvu ya kutosha ambacho kimekosa umakini tu. Njia mbili za kwanza hushughulika na aina ya kwanza. Hii hushughulika na ya pili. Ukizichukulia aina hizo mbili kuwa moja, umekosea kabla ya kuanza.

*Vifaa na kazi.* Ni nyepesi kuliko zote. Angalizo ni kwamba jaribio la kitu kisichotarajiwa hutumika mara moja tu kwa kila mtu, kwa sababu ukishamwuliza kama ameona kitu, atakitafuta. Hapo unahitaji umati wa washiriki. Kupepesa kwa umakini hakuna tatizo hilo.

*Inamfaa nani.* Anayejali maisha ya kila siku, kama dereva asiyeona bodaboda iliyo mbele yake, au muuguzi anayepitwa na namba kwenye mashine. Na pia anayechunguza maana ya maneno kwa vifaa vichache.

Kwa hali ipi, njia ipi

Kama swali lako linahusu lugha, kwa mfano iwapo ngeli ya nomino huchambuliwa kabla mtu hajalitambua neno, anza na kufunika. Muda mfupi wa athari si hasara kwako, kwa sababu unachotafuta ni hatua za mwanzo kabisa za kusoma. Tenga wiki mbili za orodha ya maneno peke yake.

Kama swali linahusu athari ya maana inayodumu zaidi, au namna neno ambalo halikushikwa linavyotia rangi tafsiri ya neno linaloshikwa, kupepesa kwa umakini kutakupa athari kubwa zaidi kwa gharama ndogo, ukikubali kuandika kwamba unachunguza kukosa umakini.

Kama unachunguza hofu, nyuso au mvuto wa macho, na kichocheo chako kinahitaji sekunde nzima ili kifanye kazi yake, miweko mfululizo ndiyo itakayokupa sekunde hizo. Epuka kupima muda wa kupenya kama kipimo chako pekee. Picha za kutisha au za faragha zielezwe katika fomu ya ridhaa hata kama mshiriki hatazijua, kwa sababu ridhaa inahusu kile anachofanyiwa, na baadhi ya picha zitapenya.

Kama una mwezi mmoja na kompyuta mpakato ya kuazima, njia ya pili iache.

Wapo pia wanaokuja na nia ya biashara, wakiulizia tangazo la siri litakalouza soda. Hadithi wanayoitegemea ni ya James Vicary, aliyedai mwaka 1957 kwamba alipandisha mauzo ya bisi na Coca-Cola katika sinema moja ya New Jersey kwa maneno aliyoyaweka kwa siri kwenye filamu; mwaka 1962 alikiri kwamba ulikuwa ujanja wa kuvuta wateja. Karibu kabisa na dai hilo katika maabara ni kazi ya Karremans, Stroebe na Claus ya mwaka 2006, ambapo jina la kinywaji lililoonyeshwa kwa siri liliongeza uwezekano wa kukichagua, lakini kwa watu ambao tayari walikuwa na kiu, na kwa uchaguzi uliofanywa muda mfupi baadaye. Anayetaka kulifuata swali hilo kwa dhati atumie kufunika, apime kiu kabla, na aandae kipimo cha utambuzi kitakachomridhisha mtu anayemshuku.

Na kama bado unasita kati ya mbili, tengeneza majaribio 40 ya kila moja, kaa mwenyewe mbele ya skrini kwanza, kisha wakalishe wenzako watatu na uwasikilize wanavyoeleza walichokiona kabla hujawaambia kilikuwa nini.